Kijana wetu anataka kuwa mchezaji wa kulipwa: mambo ambayo wazazi na kanisa wanapaswa kuyajua



Katika mji wetu wa Lubumbashi kuna swali linalorudi kila mara wazazi na vijana wanapokutana: mtoto anacheza mpira vizuri sana, tufanye nini? Swali hilo si dogo. Nyuma yake kuna pesa ya shule, kuna kiwanja ambacho papa yuko tayari kukiuza, na kuna kijana wa miaka 15 au 16 anayeamini kwamba jamaa yote itainuliwa kwa miguu yake. Wako wanaojibu haraka kwamba mpira ni mambo ya dunia, aache. Wako wanaojibu haraka vilevile kwamba hiyo ni baraka iliyoshuka, atafutiwe njia ya Ulaya. Majibu hayo mawili yana kasoro moja: wote wanajibu kabla ya kujua kazi hiyo inaanzaje.

Kwa hiyo tumeona vema kueleza miaka ya kwanza ya mchezaji wa kulipwa, hasa yule anayecheza katikati ya uwanja, yaani kiungo. Tutatumia mifano ya watu wanaojulikana, waliocheza hapa kwetu au waliotoka nchini mwetu. Tunalotaka kusema ni hili: miaka hiyo ya kwanza ni miaka ya kungoja, na yanayoamua mwisho wake mara nyingi ni karatasi, ukweli na watu wanaosimama pamoja na kijana. Kipaji peke yake hakitoshi. Na katika mambo hayo matatu, wazazi na kanisa wana kazi kubwa.

Mji wa mpira, na mpira uliotoka kanisani

Tukumbuke kwanza tunaishi wapi. Tout Puissant Mazembe, timu ya nyeusi na nyeupe, ilianzishwa mwaka 1939 na watawa Wabenediktini waliokuwa wakiongoza shule ya Saint-Boniface, mji ulipokuwa bado ukiitwa Élisabethville. Jina lake la kwanza lilikuwa Saint-Georges. Walitaka wanafunzi wao wawe na shughuli nzuri baada ya masomo. Saint-Éloi Lupopo, wapinzani wao wa siku zote, nayo ilizaliwa mwaka huohuo wa 1939, na jina lake ni la mtakatifu ambaye Wakatoliki wanamtaja kuwa msimamizi wa mafundi wa chuma. Sisi Waprotestanti hatuna haja ya kuona haya kukiri kwamba ndugu zetu hao walitangulia kuelewa jambo moja: kijana akikosa uwanja, atapata mahali pengine pa kutumia nguvu zake.

Kutoka mwanzo huo mdogo Mazembe imekuwa bingwa wa Afrika mara tano: 1967, 1968, 2009, 2010 na 2015. Desemba 2010, huko Abu Dhabi, ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika fainali ya Kombe la Dunia la klabu, baada ya kuifunga Internacional ya Brazil 2-0. Fainali ilishindwa na Inter Milan 3-0, lakini Lubumbashi yote ilicheza usiku ule. Novemba 2024 timu ya wanawake ya Mazembe nayo ilitwaa Ligi ya Mabingwa ya Afrika kule Morocco, kwa kuifunga AS FAR 1-0. Basi tunaposema "kijana" katika makala hii, wazazi wa mabinti nao wasikilize.

Mtoto anayekulia Katuba, Ruashi, Kamalondo au katika komuni yetu ya Kenya anasikia majina haya tangu utoto. Si ajabu akiota. Ajabu ingekuwa asiote.

Kiungo ni nani, na kwa nini anachelewa

Kiungo ni mchezaji wa katikati. Jina lenyewe linaeleza kazi yake: anaunga walinzi na washambuliaji. Yuko kiungo mkabaji, anayekaa mbele ya mabeki na kuvunja mashambulizi. Yuko anayekwenda na kurudi, akisaidia pande zote mbili. Na yuko kiungo mshambuliaji, anayetoa pasi ya mwisho na kufunga mabao.

Tofauti yake na wengine iko katika kuonekana. Winga mwenye mbio anaweza kumshangaza mtazamaji kwa dakika kumi. Mshambuliaji akifunga mabao matatu, gazeti linaandika jina lake. Lakini kiungo mzuri anafanya mambo ambayo macho ya wengi hayayaoni: amegeuza kichwa kabla ya kupokea mpira, amepiga pasi fupi wakati wenzake wamechoka, amesimama mahali ambapo adui alitaka kupita. Kujua mambo hayo kunahitaji mechi nyingi, na kuyatambua kunahitaji mtu wa kumtazama kwa mechi nyingi.

Hapa wazazi wapate somo la kwanza. Majaribio ya siku moja, ambayo watu wengi wanayalipia, ni kipimo kibaya sana kwa kiungo. Ameingizwa na watu asiowajua, kila mmoja anataka kujionyesha, hakuna anayempa mpira. Atarudi nyumbani akiambiwa hafai, kumbe hakuna aliyemwona. Kwake yeye, msimu mzima katika timu ndogo yenye kocha makini una faida kuliko siku moja mbele ya mgeni mwenye saa ya dhahabu.

Mfano wa Rainford Kalaba

Tutazame maisha ya kiungo mmoja ambaye Lubumbashi inamjua vizuri. Rainford Kalaba si Mkongomani. Ni Mzambia, aliyezaliwa Agosti 1986, mtoto wa Kitwe, katika ukanda uleule wa shaba tunaoushiriki ng'ambo ya Kasumbalesa. Alicheza ZESCO United ya Ndola, akaitwa timu ya taifa bado kijana, na mwaka 2008 akachukuliwa na Braga ya Ureno.

Jamaa nyingi zingesema hapo: amefika. Lakini kufika Ulaya hakukuwa kufika uwanjani. Braga hakupata nafasi ya kudumu. Alipelekwa kwa mkopo Gil Vicente, iliyokuwa daraja la pili, kisha União de Leiria. Mkopo, kwa wasiojua, maana yake ni kwamba klabu inabaki na mkataba wako lakini inakutuma ucheze kwingine kwa muda. Kwa kijana aliye mbali na nyumbani, mkopo unaweza kuwa mlango, na unaweza kuwa njia ya polepole ya kusahauliwa. Kwa Kalaba, miaka hiyo ya Ureno haikumpa jina.

Mwaka 2011 alirudi Afrika akajiunga na Mazembe. Alikuwa na miaka 24. Wako waliohesabu kurudi huko kuwa kushindwa. Lakini ni hapa Lubumbashi ndipo alipokuwa yule tuliyemjua. Mwaka 2015 alifunga bao ugenini Algiers katika fainali ya Ligi ya Mabingwa dhidi ya USM Alger, na Mazembe ikawa bingwa, pamoja na ndugu yetu Mbwana Samatta kutoka Tanzania aliyekuwa mfungaji hodari wa timu ile. Mwaka 2016 na 2017 Mazembe ikachukua Kombe la Shirikisho mara mbili mfululizo. Katika tuzo za mchezaji bora wa Afrika anayecheza ndani ya bara kwa mwaka 2016, Kalaba alikuwa wa tatu, nyuma ya Denis Onyango na Khama Billiat. Alikaa Mazembe hadi 2023.

Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba kijana asiyekwenda Ulaya akiwa na miaka 18 amepoteza maisha yake, mkumbushe Kalaba. Miaka yake mizuri ilianza baada ya kurudi.

Penalti iliyopita juu

Kuna jambo lingine katika maisha ya kiungo huyu ambalo tunapenda vijana wetu walijue.

Tarehe 12 Februari 2012, mjini Libreville, Zambia ilicheza fainali ya Kombe la Mataifa ya Afrika na Côte d'Ivoire. Mji huo ulikuwa na uchungu kwa Wazambia: karibu na pwani yake, Aprili 1993, ndege iliyobeba timu yao ya taifa ilianguka na kuua wote waliokuwa ndani. Mechi ya fainali iliisha 0-0, ikaja mikwaju ya penalti. Wachezaji wa Zambia walipiga magoti pamoja, wakaimba. Wapigaji wakafunga mmoja baada ya mwingine, pande zote mbili, mpaka Kolo Touré wa Côte d'Ivoire akakosa. Hapo mpira ukawekwa mbele ya Kalaba. Akifunga, nchi yake ni bingwa kwa mara ya kwanza. Alipiga, mpira ukapita juu ya lango.

Nini kilifuata? Gervinho wa Côte d'Ivoire naye akakosa. Kisha akaja Stoppila Sunzu, beki aliyekuwa mwenzake Kalaba hapa Mazembe, akafunga. Zambia ikashinda kwa penalti 8-7. Kalaba akavaa medali ya dhahabu sawasawa na wengine.

Tunaomba msiichukue habari hii kama mahubiri kwamba Mungu anachagua mshindi wa mechi. Ndugu zetu wa Côte d'Ivoire nao waliomba. Tunachokiona ni kidogo zaidi na kina faida zaidi: mtu mmoja alikosa, na wenzake wakambeba. Kijana ambaye thamani yake yote imewekwa katika mguu wake, siku mguu ukikosa, amebaki na nini? Lakini kijana ambaye nyumbani na kanisani anapendwa kabla hajapiga na baada ya kupiga, huyo anaweza kukosa na bado akasimama. Hilo hatulijengi siku ya fainali. Tunalijenga sasa, anapokaa benchi katika timu ya mtaa.

Karatasi: tarehe ya kuzaliwa na jina

Sasa tushuke kwenye mambo ambayo wengi hawapendi kuyazungumza.

Silas Katompa Mvumpa ni mshambuliaji aliyezaliwa Kinshasa. Alipita Ufaransa, na mwaka 2019 akajiunga na VfB Stuttgart ya Ujerumani. Huko alijulikana kwa jina la Silas Wamangituka, na kwa tarehe ya kuzaliwa ya mwaka 1999. Juni 2021 yeye mwenyewe alijitokeza pamoja na klabu yake, wakatangaza kwamba jina lile halikuwa lake na kwamba alizaliwa Oktoba 1998. Kwa maelezo yao, wakala wake wa zamani ndiye aliyebadilisha habari zake, na kwa njia hiyo akamshika kijana mkononi: wewe ukinikataa, nitasema wewe ni nani. Shirikisho la soka la Ujerumani lilimfungia miezi mitatu na kumtoza faini ya euro 30,000.

Tazameni uzito wa jambo hilo. Mwaka mmoja tu wa tofauti ulimfunga kijana kamba kwa miaka. Wanaopunguza umri wanasema wanamsaidia mtoto, kwa sababu klabu zinapenda wadogo. Kwa kweli wanampa mtu mwingine ufunguo wa maisha yake. Na pia wanamnyima nafasi mtoto mwenye umri wa kweli, ambaye anashindanishwa na mtu mzima katika mashindano ya vijana. Hilo ni wizi, hata kama limefanywa kwa machozi ya umaskini.

Tunamsifu Silas kwa kusema kweli, ijapokuwa ilimgharimu. Lakini njia iliyo bora ni kutofika pale. Sheria yetu ya Kongo inawapa wazazi siku 90 za kuandikisha mtoto kwenye ofisi ya Etat Civil. Zikipita, inabidi kwenda mahakamani, na hapo ndipo gharama na udanganyifu huingia. Kwa hiyo mama anapoleta mtoto kanisani kuombewa au kubatizwa, mchungaji aulize kwa upole: je, ameandikishwa? Swali hilo moja linaweza kumwokoa mtoto huyo miaka 18 baadaye, awe mchezaji, awe muuguzi, awe fundi.

Wakala, mkataba na sheria za vijana

Shirikisho la kimataifa, FIFA, lina sheria zinazomlinda mchezaji mdogo. Wazazi wengi hawazijui, na wadanganyifu wanaishi kwa kutojua kwao. Tutaje zile kubwa.

Kwanza, mchezaji haruhusiwi kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda klabu ya nchi nyingine kabla ya kutimiza miaka 18, isipokuwa katika hali chache zilizoandikwa, kama vile wazazi wenyewe wanapohama kwa sababu zisizo za mpira. Basi mtu anayekuja na habari kwamba klabu ya Ulaya inamtaka mtoto wako wa miaka 15 mwezi ujao, anakuambia jambo ambalo karibu kila mara sheria inalikataza.

Pili, mchezaji aliye chini ya miaka 18 hawezi kufungwa kwa mkataba wa kulipwa unaozidi miaka mitatu. Akishafika 18, kipimo cha kawaida ni miaka mitano. Mkataba wa mtoto wenye miaka saba au kumi ni wa kukataliwa papo hapo.

Tatu, tangu 2023 FIFA imerudisha mtihani na leseni za mawakala. Majina ya wenye leseni yanaweza kutafutwa kwa simu, katika orodha ya FIFA yenyewe. Na kwa mtoto, wakala anahitaji kibali cha maandishi cha mzazi kabla ya kuzungumza naye habari ya kazi. Wakala wa kweli analipwa kutokana na mkataba uliosainiwa. Anayeomba dola kwanza, za viza, za majaribio, za "barua ya mwaliko", mara nyingi biashara yake ni hizo dola. Mtoto wako ni chambo tu.

Tunawashauri wazazi: karatasi yoyote ya Kifaransa au Kiingereza isisainiwe siku ileile ilipoletwa. Makanisani mwetu wamo walimu, wanasheria, watu wa benki. Mpelekeeni mmoja aisome. Bwana Yesu aliwaambia watu waketi na kuhesabu gharama kabla ya kujenga mnara. Kuketi chini ni nusu ya hekima.

Haki ya timu ndogo ya mtaa

Kuna sheria nyingine inayotuhusu sisi wenye timu za vijana. Mchezaji akiuzwa kutoka klabu ya nchi moja kwenda nchi nyingine kabla mkataba wake kwisha, asilimia 5 ya bei yake inapaswa kugawanywa kwa klabu zilizomlea kati ya umri wa miaka 12 na 23. Huo unaitwa mchango wa mshikamano. Hesabu yake ni hii: kila mwaka kati ya miaka 12 na 15 ni asilimia 0.25 ya bei, na kila mwaka kati ya miaka 16 na 23 ni asilimia 0.5.

Tuchukue mfano. Kijana ameuzwa dola 1,000,000. Dola 50,000 zinatengwa kwa walezi wake. Timu ya mtaa iliyomlea miaka minne, tangu 12 hadi 15, inastahili dola 10,000. Kwa timu inayocheza kwa mpira mmoja uliochanika, hiyo ni viatu, ni mipira, ni pesa ya shule kwa watoto wengi. Tangu mwisho wa 2022 FIFA ina ofisi maalumu mjini Paris inayopokea na kugawa malipo hayo.

Lakini kuna sharti: timu iwe imeandikwa kwenye chama cha soka, na kijana awe ameandikwa katika timu hiyo kwa jina lake la kweli na miaka yake ya kweli. Timu isiyo na daftari haina haki inayoweza kudaiwa. Kwa hiyo wandugu mnaoongoza timu za vijana katika parokia na ushirika, nunueni daftari. Andikeni nani alicheza, mwaka gani, kisha nendeni kwenye ofisi ya chama. Uaminifu katika kidogo unaanzia hapo.

Shule isiachwe

Merveille Bokadi, aliyezaliwa 1996, alikuwa kiungo wa Mazembe. Alikuwa katika kikosi cha Kongo kilichochukua ubingwa wa CHAN 2016 kule Kigali, kwa kuifunga Mali 3-0, na mwaka 2017 akaenda Standard Liège ya Ubelgiji. Huko walimtumia pia kama beki wa kati. Jackson Muleka, mshambuliaji na mtoto wa Lubumbashi, alikwenda klabu hiyohiyo mwaka 2020. Hao wawili walikwenda wakiwa watu wazima, wenye miaka 20 na zaidi, wakiwa wameshacheza mechi kubwa mbele ya watu wao. Hilo nalo ni fundisho.

Lakini kwa kila mmoja wa hao, wako wengi waliokuwa na kipaji na hawakuitwa. Goti limevunjika. Kocha amebadilishwa. Ligi imesimama, kama ilivyosimama mwaka 2020 kwa sababu ya ugonjwa wa Covid. Kijana wa namna hiyo, akiwa na diploma yake mkononi, ana njia nyingine. Akiwa ameacha shule darasa la nane kwa sababu papa alisema mpira utatosha, tumemwacha barabarani.

Hata akifaulu, shule inamfaa. Kiungo ni mtu wa kufikiri haraka na kusikiliza maelezo. Atasoma mkataba. Atajifunza lugha ya nchi nyingine. Kwa hiyo tunasema kwa wazi: mtihani wa Exetat na mazoezi vinaweza kwenda pamoja. Kocha anayemkataza kijana kufanya mtihani wake hamtakii mema.

Hasira na tabia

Tusisahau moyo. Trésor Mputu alikuwa nyota mkubwa wa Mazembe. Mwaka 2009 alichaguliwa mchezaji bora wa CHAN ya kwanza, ambayo Kongo ilishinda. Mei 2010, katika mashindano ya Kombe la Kagame mjini Kigali, aligombana na mwamuzi, na FIFA ikamfungia miezi 12. Desemba ya mwaka huo wenzake walipocheza fainali ya dunia na Inter Milan, yeye hakuwepo uwanjani. Alirudi baadaye akacheza tena, na mji haukuacha kumpenda. Lakini fainali ile haikurudi.

Hatusemi haya kumhukumu. Ni nani kati yetu ambaye hasira haikumgharimu kitu? Tunayasema kwa sababu mazoezi ya kujitawala yanaanza mapema, na hakuna klabu inayoyafundisha kama nyumba ya mtu. Mtume Paulo, akiwaandikia Wakorintho, alichukua mfano wa wanariadha wanaojizuia katika mambo yote kwa ajili ya taji linalonyauka. Aliujua uwanja wa michezo, na hakuudharau. Alitaka tu tujue kwamba liko taji lingine.

Daudi alirudi kwa kondoo

Katika 1 Samweli 16 Daudi anapakwa mafuta mbele ya ndugu zake. Ameshachaguliwa. Lakini tukiendelea kusoma, tunamkuta tena akichunga kondoo wa baba yake. Na 2 Samweli 5 inatuambia alikuwa na miaka 30 alipoanza kutawala. Kati ya mafuta na kiti kulikuwa na miaka mingi ya kondoo, mapango na kukimbia.

Kijana wetu aliye benchi, aliyepelekwa kwa mkopo, aliyerudishwa nyumbani, yuko katika miaka hiyo. Anahitaji mtu wa kumuuliza habari za nafsi yake kabla ya kumuuliza habari za mabao. Anahitaji mchungaji anayejua jina la timu yake, na papa na mama ambao hawamdai kabla hajapata. Na akipata, anahitaji watu wale wale wamwambie kweli.

Kalaba mwenyewe, Aprili 2024, alipata ajali mbaya sana ya gari kwao Zambia. Habari za kwanza zilisema amekufa. Watu wakaanza kulia, kumbe alikuwa hai hospitalini. Mpira ulikuwa umekwisha, na kilichobaki kuombewa kilikuwa uhai wake. Hivyo ndivyo tunavyotaka kuwaona vijana wetu wote, tangu leo.

Basi tuombe pamoja. Tuwaombee vijana wa Lubumbashi wanaocheza, wapate walimu wema na wasimamizi wa kweli. Tuwaombee wazazi, wasiuze nyumba kwa maneno ya mtu wasiyemjua. Tuwaombee waliokosa nafasi, wasijione kuwa takataka. Na tuombe kwamba makanisa yetu yawe mahali ambapo kijana anaweza kuja Jumapili baada ya kushindwa Jumamosi, na akute kiti chake bado kipo.

Mungu awabariki.